Tumwiteje Mtu wa Taekwondo?

Hotuba kwa walimu wa taekwondo, waamuzi na waandishi wa habari za michezo

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, waamuzi, ndugu zangu waandishi, na nyie vijana mliokaa kule nyuma na dobok zenu, sare za mazoezi: shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine habari za asubuhi.

Mada niliyopewa inaonekana ndogo. Mtu wa taekwondo, sanaa ya mapigano ya Korea, anaitwaje kwa Kiswahili? Anayesakata kabumbu ni mchezaji, anayekimbia ni mwanariadha, anayepigana ngumi ni bondia. Mwandishi akifika kwa huyu wa taekwondo, kalamu inagoma. Mmoja ataandika "mcheza karate", na mwalimu wa yule kijana akisoma habari asubuhi, chai inampalia. Mwingine ataandika "mpiganaji". Wa tatu, ambaye ameshapitia habari za Kiingereza, ataandika "taekwondoka" na kujiona amepatia. Na nimewahi kusikia "Mtaekwondo", neno ambalo masikioni mwangu linaita kama kabila fulani jirani ya Wamakonde.

Niseme msimamo wangu mapema, ili anayetaka kunibishia apate muda wa kujipanga. "Taekwondoka" tuiache. "Mpiganaji" tuitumie kwa kujibana sana. "Mwanataekwondo" tuikubali, ila tusimpe kila aliyevaa dobok wiki iliyopita.

Nianze na hiyo "ka" ya mwishoni. Ni ya Japani. Wajapani wana judoka na karateka, na "ka" hiyo humtaja mtu aliyeishika fani ikawa yake. Wazungu waliizoea kupitia judo, na taekwondo ilipowafikia wakaibandika na huku bila kuuliza. Mwite mwalimu wa Seoul "taekwondoka" na atakuelewa, kwa adabu atatabasamu, lakini yeye mwenyewe hasemi hivyo na wala wanafunzi wake hawasemi.

Sababu yake si ya kisarufi. Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Shule za kwanza za sanaa hii, zile wanazoziita kwan, zilianza kufunguliwa mwaka 1944 na miaka michache iliyofuata, na kadhaa kati ya waasisi wake walikuwa wamejifunza karate hukohuko Japani. Lee Won-kuk, aliyefungua Chung Do Kwan mwaka 1944, alisoma kwa Funakoshi Gichin mwenyewe, mwalimu mkubwa wa karate. Walichofundisha walikiita tangsudo, wengine kongsudo. Majina hayo yote mawili ni maandishi ya karate yakisomwa kwa matamshi ya Kikorea: la kwanza ni "mkono wa Tang", yaani wa Uchina, na la pili ni "mkono mtupu". Sasa jiwekeni katika nafasi yao. Mkoloni ameondoka, bendera ni yako, jeshi ni lako, halafu askari wako wanafanya mazoezi kila alfajiri chini ya jina la mkoloni.

Jenerali Choi Hong Hi ndiye anayetajwa kuwa alilipendekeza jina taekwondo, likakubaliwa tarehe 11 Aprili 1955. Tae ni kukanyaga au kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. Halikupita kirahisi hata kidogo. Chama cha taifa kilipoundwa mwaka 1961 kilijiita cha taesudo, jina la kusuluhisha waliokuwa wanagombana. Choi akapelekwa kuwa balozi Malaysia. Aliporudi akashika uongozi wa chama, na mwaka 1965 jina la taekwondo likarudishwa. Yaani watu wazima, wengine majenerali, wamevutana miaka kumi juu ya jina. Wakimaliza, sisi tunakuja na kulishonea kipande cha Kijapani kwa nyuma.

Lakini tusipelekwe na hasira mpaka tukasema uongo. Dojang, ukumbi wa mazoezi wa Wakorea, na dojo ya Wajapani ni maandishi yaleyale. Dan, daraja la mkanda mweusi, ni dan. Yudanja, yaani mwenye dan, ndiye yudansha wa Wajapani. Hata sabum, mwalimu, ni shihan yuleyule kwa matamshi mengine. Na hiyo "ka" Wakorea wanayo, ila wanaitamka "ga": hwaga ni mchoraji, jakga ni mwandishi wa vitabu, mudoga ni mtu wa sanaa za mapigano. Kwa hiyo anayewaambia wanafunzi kwamba taekwondo ilishuka moja kwa moja kutoka falme za kale za Korea na haikugusana na karate, huyo anasoma kipeperushi cha utalii. Walichukua mengi wakayafanya yao, hasa miguu, ambayo waliipeleka mbali kuliko karate ilivyowahi kuipeleka. Wangetaka "taekwondoga" wangeiunda. Hawakuitaka, na hilo kwangu linatosha.

Basi wao husemaje? Hapa ndipo utamu ulipo, maana Mkorea hana jina moja. Jina linategemea nani anazungumza na amesimama wapi.

Mtoto aliyeandikishwa leo ni kwanwon, mtu wa kwan, yaani yumo kwenye daftari la ukumbi. Akiwa mazoezini ni suryeonsaeng, na neno suryeon lina uzito wake: ni mazoezi ya kujinoa mwili na tabia kwa pamoja, si ya kutoa jasho tu. Mwalimu akimtaja kwa watu atasema jeja wangu, mwanafunzi wangu, na hapo kuna udugu wa kudumu. Unaweza kuacha mazoezi lakini ujeja hauishi. Kwa waliomtangulia yeye ni hubae, nao ni sunbae zake, hata kama kiumri amewazidi. Kwa upande wa mkanda, aliye chini ya mweusi ni yugeupja, aliye na mweusi ni yudanja. Na asiyefika miaka 15 akifaulu mtihani wa mkanda mweusi, Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo pale Seoul, haimpi dan. Inampa poom, na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Wazazi wengi wa huku hawaupendi mkanda huo, wanataka mweusi mtupu kwa ajili ya picha. Mimi nauona ni uamuzi wa busara kuliko yote waliyofanya pale: mtoto amesifiwa kwa alichokiweza, na hajaambiwa amekuwa mtu mzima.

Akianza kushindana anakuwa seonsu. Wakorea huliweka neno hilo baada ya jina kama cheo cha heshima: Lee Dae-hoon seonsu. Na juu ya hayo yote kuna taekwondoin, mtu wa taekwondo. Hili halitupwi ovyo. Humwita hivyo yule ambaye taekwondo imekuwa sehemu ya maisha yake, awe kocha, mwamuzi, mwalimu mstaafu au bingwa wa zamani. Mtoto wa wiki ya kwanza mwenye mkanda mweupe hasemwi ni taekwondoin, labda kwa utani.

Waamuzi mlioko hapa mnajua kwamba ulingoni ni kinyume kabisa. Pale majina yote yanavuliwa. Mwamuzi wa kati anawaita wawili: chung, hong. Bluu, nyekundu. Mmoja anaweza kuwa bingwa wa dunia na mwingine kapata tiketi ya ndege kwa harambee, mwamuzi hajui na hapaswi kujua. Charyeot, wanasimama wima. Kyeongnye, wanainamiana. Kofia zinavaliwa, junbi, sijak, na miguu inaanza kusema. Akitaka kuwatenganisha ni kalyeo, wakirudi ni kyesok, mwisho ni keuman. Akitangaza mshindi hasemi jina la mtu wala la nchi, anasema chung seung au hong seung. Mimi huwa naipenda sana dakika ile. Pamoja na ubishi wetu wote wa majina, kuna mahali ambapo wenyewe waliona rangi inatosha.

Halafu kuna yule Lee Dae-hoon niliyemtaja. Alikuja Rio mwaka 2016 akiwa tayari bingwa wa dunia mara mbili, na fedha ya London 2012 mkononi. Korea nzima ilikuwa inamdai dhahabu. Robo fainali ya uzito wa chini ya kilo 68 akakutana na kijana wa Jordan, Ahmad Abughaush, na akafungwa. Rudieni video yake mtazame kinachofuata. Hakutupa kofia, hakumfuata mwamuzi. Alitabasamu, akapiga makofi, akamshika Abughaush mkono na kuunyanyua juu mbele ya watu. Abughaush akaendelea hadi kuchukua dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Jordan, na Lee akarudi kupitia mlango wa pili, zile mechi za walioshindwa, akapata shaba. Wakati ule alikuwa seonsu aliyeshindwa. Ila Mkorea aliyekuwa akitazama angeweza kusema, bila kuona aibu, kwamba ameona taekwondoin.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana ndicho kilichotukusanya.

Kiswahili kina "mwana", na sidhani kama kuna kiungo kinachokaribia zaidi ile "in" ya Kikorea. Mwanajeshi, mwanamuziki, mwanahabari, mwanariadha, mwanachama, mwanakijiji. Neno hilo halitaji kazi tu, linataja mahali mtu alipo na watu alio nao. Kwa uthibitisho sihitaji kamusi, nahitaji Kariakoo siku ya mechi. Mwanayanga na Mwanasimba wengi hawajawahi kugusa mpira tangu shule ya msingi, wana vitambi, wana presha, na bado hakuna atakayewanyang'anya jina. Wamo. Kwa hiyo mwalimu aliyeumia goti na hapigi tena teke la juu ya kiuno anabaki kuwa mwanataekwondo. Mama anayetunza kinga za vifua na kuandika alama ni mwanataekwondo. Ni neno pana panapohitaji upana. Waandishi wa Kiswahili wa pande zote mbili za mpaka wa Namanga wanaweza kulitumia leo hii bila kutafsiriana.

Kuna mwalimu ameshanipinga nje pale, kabla sijapanda hapa, kwamba neno "mchezaji" linaidhalilisha taekwondo, kwa sababu "taekwondo si mchezo". Nimemwelewa. Lakini anabeba maana finyu ya kucheza ambayo Kiswahili hakina. Tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza bao, na hakuna anayefikiri timu ya taifa inafanya mzaha. Taekwondo imo kwenye Olimpiki rasmi tangu Sydney 2000, baada ya kuoneshwa Seoul 1988 na Barcelona 1992. Anayekwenda kule anakwenda kucheza. Faith Ogallo wa Kenya alipoingia ulingoni Tokyo mwaka 2021, alikuwa mchezaji wa taekwondo aliyeiwakilisha Kenya, na sentensi hiyo haina kasoro. Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alipompiga Lutalo Muhammad wa Uingereza teke la kichwa sekunde ya mwisho kabisa ya fainali ya Rio, na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, alikuwa mchezaji. Mchezaji ni seonsu. Litumieni pale mtu anaposhindana. Akiwa kwake Abidjan anafundisha watoto, hapo ndipo mtafute neno lingine.

"Mpiganaji" nitawaeleza kwa nini linanisumbua. Hebu fikirieni kichwa cha habari: "Wapiganaji watatu wa Tanzania waingia Kigali." Mhariri akiwa na usingizi, hiyo habari inaweza kuanzisha mgogoro wa kidiplomasia! Katika ukanda huu neno hilo lina bunduki, kila siku linasomwa kwenye taarifa ya habari kuhusu mashariki ya Congo. Mabondia na watu wa mapigano ya ulingoni ya kulipwa wameamua kulivaa, ni haki yao. Taekwondo inaanza na kumalizika kwa kuinamiana, na sehemu kubwa ya mazoezi, zile poomsae, yaani mifululizo ya mapigo iliyopangwa, mtu anazifanya peke yake bila mpinzani mbele yake. Huyo anapigana na nani?

Kuhusu "mcheza karate" sitakaa sana. Lilitoka kwenye vibanda vya video, ambako kila aliyerusha mguu alikuwa wa karate au wa kungfu, hata filamu iwe ya Korea. Ni neno la mtaani na litaendelea kuishi mtaani. Gazetini ni kosa, sawa na kuandika kwamba mcheza kikapu amefunga bao la kichwa.

Sasa vyeo vya walimu, kwa sababu hapa tunachanganya zaidi kuliko kwa wanafunzi. Vijana wengi wanamwita mwalimu wa taekwondo "sensei". Ni neno zuri, ila ni la jirani. Wakorea wanalo hilohilo kwa maandishi, linasomwa seonsaeng, lakini ndani ya dojang mwalimu ni sabum, na mwenye ukumbi ni kwanjang. Ukimwita unaongeza "nim", alama ya heshima: sabumnim, kwanjangnim. Hiyo "nim" anapewa mtu na wengine. Mwalimu akisimama mbele ya watu wazima wenzake akajitambulisha "mimi ni sabumnim fulani", masikioni mwa Mkorea ni kama mbunge wetu anayejitambulisha "mimi ni Mheshimiwa". Tunawajua wanaofanya hivyo, na tunajua tunavyotazamana.

Na "masta" je? Kwa desturi ya Kiingereza cha wenzetu, cheo hicho huanzia dan ya nne. Huku kwetu nimeona kikianzia dan ya kwanza, na wakati mwingine kikianzia kwenye duka la mikanda. Kwa nini tusiseme tu mwalimu? Nchi hii ilimwita rais wake wa kwanza Mwalimu, na akaridhika nalo kuliko vyeo vingine vyote alivyopewa. Sabumnim ibaki ndani ya ukumbi, pamoja na charyeot na kyeongnye, kwa sababu hizo ni amri za mazoezi na ndizo zinazomwezesha mtoto wa Dodoma kuingia dojang yoyote ya Seoul au Toronto akajua asimame wapi. Mkitoka nje, gazetini na kwenye cheti, andikeni mwalimu.

Kuna ndugu wa chama kingine wameniletea kikaratasi hapa: "Je, sisi wa ITF?" Ninyi ni wanataekwondo vilevile. Choi alianzisha shirikisho hilo, International Taekwondo Federation, Seoul tarehe 22 Machi 1966, akahamia nalo Canada mwaka 1972, na mwaka uliofuata Seoul ikaanzisha shirikisho lake. Hilo la pili, mwaka 2017, lililazimika kupunguza jina na kuwa World Taekwondo kwa sababu herufi tatu za jina lake la zamani, WTF, zilikuwa zimegeuka tusi la Kiingereza mitandaoni. Ninyi mna tul, wao wana poomsae. Ninyi mwenye dan ya kwanza hadi ya tatu mnamwita boosabum, na sabum huanzia ya nne. Andikeni vyeo vyenu kama mlivyofundishwa. Jina la mtu wa sanaa hii kwa Kiswahili halina haja ya kujua ugomvi wa majenerali.

La mwisho ni la sanaa nyingine za Korea, maana nimesikia kuna vijana wanaanza hapkido. Msizitumbukize zote kwenye kapu la taekwondo. Hapkido ina mwanahapkido, tangsudo ina mwanatangsudo, na mambo yanakwenda. Taekkyon, ile ya kale yenye hatua zinazoyumba kama mtu anayecheza ngoma, ambayo mzee Song Deok-gi aliibeba kutoka enzi za wafalme hadi alipofariki mwaka 1987, na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2011, hiyo mtu wake Wakorea humwita taekkyonkkun. "Kkun" hiyo si ile "ka" ya Japani. Ni ileile ya mwindaji, na ya mcheza mieleka wao, ssireumkkun. Ina harufu ya kijijini. Nadhani kwa huyo, "mcheza taekkyon" inamkaa vizuri kuliko "mwana" yoyote, kwa sababu ni kweli anacheza, na ukimwona miguu yake hutabisha.

Ndugu waandishi, tumewaandalia karatasi moja pale mlangoni yenye vyeo na tahajia zake, chukueni. Mwenyekiti, nimemaliza. Kipaza sauti kianzie kwa yule mwalimu wa "si mchezo", nimemwona mkono umeshanyooka.